Rangi Zinazotoka Motoni: Bakuli Linang'aa, Lakini Je, Ni Salama?



Leo somo letu linaanzia kwenye klabu ya sanaa, litapita maabara, litafika kwenye makaburi ya kale ya pwani, na mwisho litarudi jikoni kwenu. Twende pamoja.

Tuseme shule yenu ina klabu ya ufinyanzi. Mmejenga tanuri dogo la matofali nyuma ya bwalo, na sasa mnatengeneza mabakuli ya kuuza siku ya wazazi. Mabakuli yamekaa vizuri, lakini hayang'ai, na wateja siku hizi wanataka kitu cha kung'aa. Anapita fundi mmoja wa mtaani, kijana anayewazidi miaka michache tu. Anawatazama, anacheka.

"Madogo, mnajisumbua bure. Betri kuukuu za gari zimejaa pale gereji. Toeni ile risasi ya ndani, mwisage, mpake, mchome. Bakuli litang'aa kama kioo."

"Lakini kaka, risasi si sumu?"

"Sumu ni kabla ya kuchoma, bwana. Hujui moto unaua kila kitu?"

Hebu simama hapo. Kaka huyu hana nia mbaya. Tena sehemu moja ya maneno yake ni kweli: bakuli litang'aa. Lakini ile sehemu ya pili je? Ni kweli moto unaua kila kitu? Usijibu bado. Soma kwanza, halafu tutarudi kwake.

UDONGO UNAOVAA KIOO

Chukua chungu cha udongo na kikombe cha chai. Pitisha kidole juu ya chungu: kinakwaruza. Dondoshea tone la maji: linanyonywa. Sasa fanya hivyo kwa kikombe. Kidole kinateleza, na maji yanabaki juu. Vyote viwili ni udongo uliochomwa, ila kikombe kimevaa nguo. Nguo hiyo ni tabaka jembamba la kioo, nasi hapa tutaliita glezi.

Glezi hutengenezwa kwa unga wa mawe uliokorogwa na maji mpaka uwe kama uji mwepesi. Chombo kikishachomwa mara ya kwanza huchovywa humo, kikakauka, kikarudishwa motoni. Ule unga unayeyuka na kuwa kioo kilichong'ang'ania udongo.

Glezi ina vitu vitatu vya msingi:

1. Silika. Hii ndiyo inayofanya kioo. Ni kitu kilekile kilichojaa kwenye mchanga mweupe wa ufukweni.

2. Alumina. Hii huifanya glezi iwe nzito ili isichuruzike ikitota motoni. Inapatikana kwenye udongo wenyewe.

3. Kiyeyushi. Silika peke yake huyeyuka kwenye joto la nyuzi 1,700 za Sentigredi hivi. Hakuna tanuri la kawaida la mfinyanzi linalofika huko! Kwa hiyo huongezwa kitu cha kuifanya iyeyuke mapema. Kitu hicho chaweza kuwa soda, potasi, chokaa, boroni, au risasi.

Umeiona risasi hapo? Weka alama. Tutarudi kwake.

(Kwa njia, risasi tunayoisema ni ile metali nzito ya kijivu, Pb katika kemia. Usiogope "kalamu ya risasi" yako. Ndani ya penseli mna grafiti, ambayo ni kaboni tu. Jina ndilo linalodanganya.)

RANGI HUTOKA KWENYE METALI

Glezi yenye vitu vile vitatu peke yake huwa haina rangi. Unaona udongo kupitia kioo, basi. Ukitaka rangi, je, utatia rangi ya kupaka nguo? Utatia maji ya bizari? Thubutu! Vitu vya namna hiyo huungua na kupotea kabla tanuri halijafika hata nusu ya joto lake. Kitu kinachoweza kuvumilia moto huo na kubaki na rangi yake ni metali, na hasa oksidi ya metali, yaani metali iliyoungana na oksijeni.

Oksidi moja unaifahamu sana: kutu. Kutu ni oksidi ya chuma. Ndugu zake ni hawa:

Oksidi ya chuma: huleta rangi ya asali, kahawia, nyekundu ya matofali, hata nyeusi ikizidi. Ndiyo rahisi kupatikana kuliko zote.

Oksidi ya shaba: huleta kijani. Kiyeyushi kikiwa soda au potasi kwa wingi, hugeuka kuwa rangi ya maji ya bahari yenye kina kifupi.

Oksidi ya kobalti: huleta bluu iliyokolea. Ina nguvu mno. Katika kilo 1 ya unga mkavu wa glezi, gramu 5 tu zatosha kuleta bluu.

Oksidi ya manganizi: huleta kahawia na zambarau.

Oksidi ya kromi: huleta kijani kizito.

Oksidi ya bati: huleta weupe unaofunika udongo usionekane.

Kwa hiyo mfinyanzi ni mkemia, hata kama hajawahi kuingia maabara. Anapima gramu, anachanganya, anapasha joto, kisha anatazama kilichotokea.

MOTO NAO UNA MAAMUZI YAKE

Sasa sikiliza jambo la ajabu kidogo. Metali moja inaweza kutoa rangi mbili tofauti, kutegemea hewa iliyomo tanurini.

Chukua chuma. Tanuri likipata hewa ya kutosha, chuma hukaa na oksijeni nyingi. Hiyo ni Fe2O3, yenye wekundu na ukahawia. Lakini mfinyanzi akiziba matundu ya hewa, moto hukosa oksijeni, ukaanza kuitafuta popote ilipo. Unaipokonya hata ile iliyoshikwa na chuma. Fe2O3 inabaki FeO. Glezi yenye chuma kidogo, kama asilimia 1 au 2, inatoka tanurini na kijani kilichopoa, kama jani la mgomba lililopigwa na ukungu. Wachina waliijua kazi hii miaka mingi kabla ya mtu yeyote kuandika Fe2O3 ubaoni.

Shaba ni vilevile. Ikipata hewa huwa kijani. Ikinyimwa hewa, na ikiwa kidogo sana, huwa nyekundu kama damu.

Je, unataka kuyaona haya bila gharama? Nenda ukamwangalie bibi anayefinyanga kijijini, au chungu cha zamani hapo nyumbani. Vyungu vyetu vingi, kama vile vya Wakisi wa ufukweni mwa Ziwa Nyasa, havipakwi glezi kabisa. Huchomwa kwa moto wa wazi wa majani na kuni. Tazama ubavu wa chungu: sehemu moja nyekundu, nyingine nyeusi. Pale palipopata hewa, chuma kilichomo udongoni kimekuwa chekundu. Pale palipofunikwa na majivu na makaa, hewa ilikosekana, moshi ukaingia, pakawa peusi. Chungu cha bibi ni kitabu cha kemia!

USHAHIDI KWENYE MAKABURI YA PWANI

Ukifika Kunduchi, kaskazini kidogo ya katikati ya Dar es Salaam, utakuta magofu ya msikiti na makaburi ya kale yenye nguzo ndefu. Katika nguzo hizo watu wa pwani walipachika sahani na mabakuli ya kauri kutoka China, kama pambo na kama heshima kwa marehemu. Mengi yamekwisha kung'olewa, na shimo la duara ndilo lililobaki. Mabakuli na vipande kama hivyo vimepatikana pia Kilwa Kisiwani, Gedi karibu na Malindi, na miji mingine ya Waswahili. Vimo vya kijani kilichopoa, rangi ya chuma. Vimo vyeupe vyenye maua ya bluu, rangi ya kobalti. Na kutoka nchi za Ghuba ya Uajemi ilikuja mitungi mikubwa ya kijani-bluu, rangi ya shaba.

Fikiria sasa. Vyombo hivyo vimepigwa na jua, mvua na upepo wa chumvi kwa mamia ya miaka. Nguo ya marehemu imeoza zamani, mbao za jahazi zimeliwa na mchwa, lakini bluu ile bado ni bluu. Kwa nini? Kwa sababu metali haiozi kama mti, wala haiungui ikaisha kama karatasi. Kobalti iliyoingia tanurini ndiyo kobalti iliyotoka, ila sasa imefungwa ndani ya kioo.

Shika sana jambo hilo: MOTO HAUUI METALI. Moto unaua vijidudu, ndiyo maana tunachemsha maji. Moto unaunguza majani na kuni. Lakini chuma ni elementi, shaba ni elementi, na kobalti ni elementi. Moto unaweza kuziyeyusha, kuziunganisha na oksijeni au kuzitenganisha nayo, hata kuzipeperusha kama moshi. Kuzifuta duniani, ng'o!

Na kama moto hauui kobalti, je, utaiua risasi?

Umeanza kupata jibu la kumpa yule kaka.

RISASI: RAFIKI WA MFINYANZI, ADUI WA MWILI

Tuseme ukweli: wafinyanzi wa nchi nyingi waliipenda risasi, tena kwa sababu za maana. Mchanganyiko wa risasi na silika huanza kuyeyuka hata kabla ya nyuzi 800. Kwa hiyo mtu mwenye tanuri la kuni tu anaweza kupata glezi laini, inayong'aa sana, inayofanya rangi zionekane tamu. Na ni rahisi. Shida ni kwamba risasi haina kazi hata moja nzuri ndani ya mwili wa binadamu.

Huko Uingereza, katika mji wa Stoke-on-Trent na jirani zake, maelfu ya watu walifanya kazi katika viwanda vya vyombo vya udongo. Wengi walikuwa wanawake na wasichana wa umri wenu. Walichovya sahani kwenye glezi ya risasi kwa mikono, wakafuta vumbi lake, wakala mkate bila kunawa. Wakapatwa na maumivu makali ya tumbo, viganja vikalegea, wengine wakapofuka au kupata degedege, mimba zikaharibika. Mwaka 1895 sheria iliwataka madaktari watoe taarifa kila wapatapo mtu aliyeugua kwa risasi ya kiwandani. Lakini wenye viwanda walisema bila risasi biashara itakufa. Ni mwaka 1947 tu ambapo kanuni mpya zilikataza viwanda kutumia glezi zenye risasi inayotoka kirahisi. Hesabu mwenyewe: miaka 52. Na biashara ya vyombo haikufa.

Huko Mexico mambo hayajaisha hata leo. Vijiji vingi hufinyanga vyungu vizuri vya kahawia vyenye kung'aa, kwa unga wa oksidi ya risasi unaoitwa greta. Matanuri yao ni ya kuni, joto lake halitoshi kuifunga risasi barabara ndani ya kioo. Chakula cha Mexico kina nyanya nyingi, ndimu na pilipili, na asidi ya chakula huiramba ile risasi polepole. Wachunguzi wa afya wa huko wamekuta mara kwa mara kuwa vyombo hivi ni njia kubwa ya risasi kuingia kwenye damu za watoto. Wafinyanzi hawana makosa ya makusudi. Wanafanya kazi waliyoachiwa na mababu, na watoto wanaoathirika mwanzo ni wao wenyewe. Siku hizi baadhi yao wamehamia glezi za boroni, zinazoyeyuka mapema bila risasi.

Kuna mtego mwingine. Ukitia shaba kwenye glezi ya risasi ili upate kijani, shaba huifanya risasi itoke kwa wingi zaidi. Bakuli linapendeza zaidi, na hatari inaongezeka.

NDIMU, UKWAJU NA ACHARI

Kwa nini asidi? Kioo kizuri hushika metali zake kwa nguvu. Lakini glezi iliyochomwa kwa joto dogo, au iliyojazwa metali kupita kiasi, ina metali zilizolegea. Asidi huzichomoa. Ndiyo maana maabara hupima vyombo hivi kwa kuvijaza asidi ya siki ya asilimia 4 na kuviacha kwa saa 24, kisha hupima risasi iliyoingia kwenye siki.

Sasa tazama jikoni kwetu. Achari ya ndimu inakaa miezi. Juisi ya ukwaju inalala usiku kucha. Togwa, maziwa ya mgando, rojo la nyanya, siki. Vyote vina asidi. Vikikaa muda mrefu ndani ya chombo kibaya, au vikipashwa moto humo, vinafanya kazi ileile ya maabara. Tofauti ni kwamba mwisho wake vinanywewa.

RISASI INAFANYA NINI MWILINI?

Mwili hauijui risasi. Huichukua kwa kuidhani kalsiamu, ukaiweka kwenye mifupa. Inaweza kukaa humo miaka mingi. Mama akipata mimba, mifupa yake inapotoa kalsiamu kwa ajili ya mtoto, risasi nayo hutoka na kumfikia mtoto tumboni.

Watoto wadogo ndio wanaoumia zaidi. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto mdogo hufyonza mara 4 hadi 5 ya risasi anayofyonza mtu mzima kwa kiasi kilekile kilichomezwa. Ubongo wake bado unajengwa. Risasi hupunguza uwezo wake wa kujifunza, kukumbuka na kutulia darasani. Huleta pia upungufu wa damu. Kwa watu wazima huharibu figo na kupandisha shinikizo la damu.

Kibaya zaidi ni kwamba mara nyingi hakuna dalili ya mapema. Mtoto haumwi homa. Anaonekana tu "mzito wa kuelewa", na watu wanamlaumu kuwa ni mvivu. Shirika la Afya Duniani limesema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa ni salama. Mwaka 2020, UNICEF na shirika la Pure Earth walikadiria kuwa kiasi cha mtoto 1 kati ya kila 3 duniani ana risasi kwenye damu kufikia au kupita mikrogramu 5 kwa desilita. Haitoki kwenye vyombo tu. Hutoka pia kwenye rangi za kupaka, mabomba, na hasa betri zinazoyeyushwa ovyo.

Hilo la betri majirani zetu wanalijua kwa uchungu. Mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, ulichafuliwa na kiwanda cha kuyeyusha betri. Phyllis Omido, mama aliyegundua kuwa mwanawe mwenyewe ameingiwa na risasi, aliongoza wakazi kupigania haki yao, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Kwa hiyo kufungua betri kuukuu siyo mchezo wa klabu. Ukiipasua na kuisaga, vumbi linaingia mapafuni, linabaki kwenye nguo, na unamletea mdogo wako nyumbani.

SIYO RISASI PEKE YAKE

Usidhani kwamba ukiiacha risasi basi mengine yote ni salama kama unga wa ugali.

Vumbi la silika. Unga mkavu wa glezi na udongo una silika. Chembe zake ndogo sana hazionekani kwa macho. Ukizivuta miaka mingi, mapafu hupata makovu yasiyopona. Ugonjwa huu unaitwa silikosisi, na mwenye nao hupata kifua kikuu kwa urahisi zaidi.

Moshi wa manganizi. Mtu anayevuta vumbi au moshi wa manganizi kwa muda mrefu huweza kuharibika neva, akaanza kutetemeka na kutembea kwa shida.

Kromi. Aina moja ya kromi husababisha saratani ikivutwa. Kazi yake si ya wanafunzi.

Kobalti. Neno hili linatokana na jina la pepo wa machimboni katika hadithi za Wajerumani. Wachimbaji wa zamani waliona mawe fulani yakichomwa yanatoa moshi wa sumu, wakamsingizia pepo. Kumbe ilikuwa aseniki iliyokuwa ndani ya mawe yaleyale. Leo zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani hutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwenye maeneo ya Kolwezi na jirani zake ambako Kiswahili ndicho lugha ya machimboni. Na huko pia vumbi la kobalti limebaki tatizo kwa wachimbaji na watoto wao.

Kutu ya chuma ndiyo pole kuliko hizi zote. Na ndiyo maana mwanafunzi anayeanza aanze na chuma.

SASA NIFANYE NINI?

Nyumbani:

- Chungu cha udongo kisicho na glezi, kilichofinyangwa kwa udongo wa mahali safi, hakina risasi ya glezi. Usikidharau kwa kuwa haking'ai.

- Chombo cha glezi usichojua kimetoka wapi, hasa cha zamani au cha mapambo, usihifadhie achari, juisi, siki wala maziwa ya mgando. Tumia chupa ya kioo.

- Glezi iliyobanduka, yenye ufa, au yenye unga unaobaki kidoleni ukifuta, iondoe mezani. Weka maua.

- Usijipime kwa macho. Bakuli la risasi na bakuli salama vinaweza kufanana kabisa.

- Ukiwa na wasiwasi kuhusu mdogo wako, mpelekeni kituo cha afya mkaeleze habari nzima. Kipimo cha uhakika ni cha damu. Tiba ya kwanza ni kuondoa kile kinachomletea risasi. Chakula chenye madini ya chuma na kalsiamu, kama maharage, mboga za majani, dagaa na maziwa, husaidia mwili usifyonze risasi nyingi.

Klabuni:

- Hakuna risasi. Hakuna betri. Hili halina mjadala.

- Mkinunua glezi, nunueni iliyoandikwa kuwa haina risasi na inafaa kwa vyombo vya chakula, na mchome kwa joto lilelile lililoandikwa. Tanuri lenu likishindwa kulifikia, bakuli hilo ni pambo tu.

- Usijazie oksidi "ili ikolee". Kobalti, shaba na manganizi zikizidi huweza kutoka kwenye glezi.

- Usifagie vumbi likiwa kavu. Futa kwa kitambaa kilicholowa. Ukilazimika kupima unga mkavu, vaa barakoa inayobana vizuri. Leso haitoshi.

- Usile, usinywe, usiume kucha penye kazi. Nawa mikono kwa sabuni. Nguo za kazi zifuliwe peke yake.

- Tanuri liwe nje. Likiwaka, kaa mbali na moshi wake.

- Na kama hamna uhakika kabisa, andikeni chini ya bakuli: PAMBO, SI LA CHAKULA. Mteja ana haki ya kujua.

JARIBU MWENYEWE

Jaribio hili ni salama, nalo halihitaji glezi.

Chukua vipande vinne vya udongo wa mfinyanzi, vyenye ukubwa wa kiberiti. Cha kwanza kiache kama kilivyo. Katika cha pili kanda kijiko kidogo cha kutu iliyokwanguliwa kwenye chuma kisichopakwa rangi. (Kutu ya bati lililopakwa rangi usiiguse, maana rangi nyingine zina risasi.) Kwangua kutu ikiwa imelowa. Cha tatu na cha nne vifanye kama hivyo viwili. Vianike kivulini siku kadhaa mpaka vikauke kabisa.

Mkiwa na mwalimu, chomeni viwili vya kwanza kwenye moto wa wazi. Viwili vilivyobaki vifukieni ndani ya kopo kuukuu lisilo na rangi, lililojaa pumba za mbao, mfuniko ukiwa umewekwa juu bila kukazwa, kisha mliweke katikati ya moto huohuo. Acheni mpaka kesho yake vipoe.

Linganisheni vipande. Andikeni: kipi chekundu zaidi? Kipi cheusi? Metali imebadilika, au hewa ndiyo iliyobadilika?

TURUDI KWA YULE KAKA

Kesho yake anapita tena. Utamjibu nini? Usimtukane. Amewasaidia kwa anachokijua. Pengine mambo yataenda hivi:

"Kaka, tumesoma. Moto hauui risasi. Inabaki palepale kwenye bakuli, halafu ndimu inaitoa."

"Ee, we dogo! Mbona mimi nimekuwa nikiyeyusha betri mwaka wa pili huu, na sijafa?"

"Hujafa, kaka. Lakini tumbo lako linakuuma mara ngapi? Na yule mtoto wako anayekuja kukupokea kazini na kukurukia kifuani, nguo zako si ndizo hizohizo?"

Pengine atanyamaza. Pengine atacheka. Lakini siku akienda kituo cha afya, atakuwa na swali la kuuliza.

JIPIME

1. Moto unaweza kuondoa risasi kwenye bakuli. Kweli au si kweli?

2. Kwa nini rangi ya bluu ya vyombo vya China haijafifia makaburini?

3. Kwa nini achari ni hatari zaidi kuliko maji ya kunywa ndani ya bakuli lenye glezi mbaya?

4. Chungu kimoja kina upande mwekundu na upande mweusi. Nini kilitokea?

5. Klabu yenu imepata bakuli la kijani la kupendeza, lakini hakuna anayejua limepakwa nini. Mama mmoja anataka kulinunua la mchuzi. Mtamwambiaje?

MAJIBU

1. Si kweli. Risasi ni elementi. Moto unaibadilisha umbo tu. 2. Kwa sababu inatokana na kobalti iliyofungwa ndani ya kioo, wala haiozi. 3. Achari ina asidi inayochomoa metali, tena inakaa muda mrefu. 4. Upande mwekundu ulipata hewa, mweusi ulikosa hewa na kuingiwa na moshi. 5. Jibu hili ni la kwenu. Lijadilini klabuni, tena kwa uaminifu, maana ndilo swali gumu kuliko yote: hela ya klabu iko mkononi mwa mama, na mtoto wake atakunywa ule mchuzi.